Unataka kupanda msitu kwenye nyasi? Anza na nyasi

Kila ikifika Septemba simu yangu inaanza: "Mkuu, nimepata eka tano huku Mufindi, ni nyasi tupu hakuna hata mti, mche wa msindano saivi unauzwaje?" Na mi huwa siulizi pesa anayo au hana, nauliza tu hizo nyasi atazifanyaje, na hapo ndo unagundua jamaa alikuwa anawaza mche tu, nyasi hakuzipigia hesabu kabisa.

Wengi wakipita barabara ya Iringa kwenda Mbeya wakaona misindano (paina) ya Sao Hill imepanga foleni vilima na vilima wanadhani ni msitu wa tangu enzi za mababu. Wala. Sehemu kubwa ilikuwa nyasi. Majaribio yalianza 1939, upandaji wenyewe wa nguvu ukaja miaka ya 60 na 70, leo ndo shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, zaidi ya hekta 135,000 ukijumlisha na maeneo ambayo hayajapandwa. Na huo msindano tuliouzoea, Pinus patula, kwao ni Meksiko.

Ugeni wake una maana yake kitaalamu. Msindano hauishi peke yake, kwenye mizizi kuna fangasi wanaoshirikiana nao, wao wanauletea fosforasi na maji, wenyewe unawapa sukari. Sasa kwenye mbuga ya nyasi ambayo haijawahi kuona msindano hao fangasi hawapo. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi niliotesha kitalu kwa udongo mzuri tu mweusi wa bondeni, miche ikatoka vizuri alafu ikadumaa, ikawa ya njano, nikamwaga mbolea wee, nikadhani ni ugonjwa, mpaka mama mmoja aliyefanya vibarua vya vitaluni miaka mingi akaniuliza, "Mwanangu, udongo wa chini ya misindano mikubwa umechanganya?" Sikuwa nimechanganya, na huo udongo ndo unaobeba hao fangasi. Nilifundishwa darasani lakini nilisahau, si unajua tena.

Haya, mche uko vizuri, unaupeleka shamba. Nyasi mizizi yake imejaa pale juu juu ambapo na mche unatafuta maji, kwa hiyo mvua ikikatika kidogo nyasi zinakunywa kwanza. Ndo maana tunachimba shimo mapema, kama sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, na tunasafisha duara la kama mita moja kuzunguka kila mche, na hilo duara unalirudia tena na tena mpaka mti uzipite nyasi kimo. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche 1,111 kwa hekta, ukiona mtu kabananisha zaidi ya hapo muulize kama ana hela ya kuja kupunguzia. Panda mvua ikishalowesha udongo kwelikweli, Desemba au Januari, ukisubiri Machi mche unaingia kipupwe na kiangazi haujashika mizizi. Na kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, toa jamani! Nimeshang'oa mti wa miaka minne ulioangushwa na upepo, mizizi yote imejisokota ndani ya nailoni kama tambi.

Moto sasa. Nyasi za huku zikikauka Agosti zinawaka kama petroli, na hizo nyasi zimezoea, zinaungua leo wiki mbili baadae zimechipua. Mlingoti (mkaratusi) nao unaweza kuchipua kwenye kisiki. Msindano mdogo ukiungua ndo basi, umeanza upya. Njia ya kuzuia moto inalimwa kabla, Juni Julai, na unamshirikisha jirani anayechoma shamba lake, maana moto wake ndo utakaokufikia.

Ila sio kila penye nyasi pana upungufu wa miti. Nenda Kitulo uone, wenyeji wanaita Bustani ya Mungu, ni nyasi na maua, okidi za kila namna, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukipanda misindano pale umeua, hujapanda, okidi za nyasi kama zile haziishi kwenye kivuli kizito. Na kwenye mabonde ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi, ndo mi huwa nagombana na watu kabisa, mlingoti unakua haraka kwa sababu unakunywa sana, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka kingo za mto ziachwe bila shughuli.

Yule wa eka tano tulienda kupima juzi. Eka moja na kitu ni bonde, maji yanatiririka, majirani wanalima mahindi ya kiangazi hapo. Kanuna kidogo, akaniuliza hata milingoti kumi tu pembeni haiwezekani? Nikamwambia hata mitatu. Huko juu kashaanza mashimo, na udongo wa chini ya misindano kaniahidi kwenda kuchota Jumamosi.