Je, wajua jinsi kerneli inavyochuja matukio yake bila kulemewa?

Mtu akisimama Likoni alfajiri na kuagizwa aandike kila kinachoshuka kivukoni, abiria, baiskeli, tuktuk na mkokoteni, daftari lake litajaa kabla feri ya pili haijafunga gati. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu na muda wa prosesa, ina shida iyo hiyo, kwani kwa sekunde moja inaweza kutenga na kuachilia vipande vya kumbukumbu mara maelfu. Basi fundi wa seva pale Kilindini, anayesaka programu inayokula kumbukumbu, huyaonaje hayo pasipo mashine kukwama?

Tangu 2008 kerneli ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, ina chombo cha ufuatiliaji kiitwacho ftrace, kilichoandikwa na Steven Rostedt. Ndani ya kerneli mmeachwa vituo vya ufuatiliaji mahali pa matukio muhimu, kama vile kumbukumbu inapotengwa au kuachiliwa. Kituo kisipowashwa, mahali pake pana agizo lisilofanya lolote, la baiti 2 au 5 kwenye prosesa za x86, aina iliyomo katika kompyuta nyingi. Kikiwashwa, kerneli hujirekebisha yenyewe huku ikiendelea na kazi, na agizo hilo likawa mruko wa kuelekea msimbo wa kuandika tukio. Kwangu mimi, huo ndio ufundi hasa: karani asiyehitajika halipwi chochote.

Kisha huja kichujio. Fundi huandika sharti katika faili ndogo ya tukio husika, tuseme baiti zilizoombwa zizidi 4096, na matukio mengine yote hutupwa. Wengi hudhani kwamba kuchuja hakugharimu kitu, na hapo hukosea, maana sharti husoma sehemu za rekodi, na rekodi haina budi ijazwe kwanza ndipo ipimwe. Kinachookolewa zaidi ni nafasi: kila prosesa ina daftari lake la mviringo, na likijaa, kwa kawaida habari mpya hufuta ya zamani, hivyo bila kichujio tukio lile moja la maana lingefunikwa na upuuzi.

Kuchuja kwa namba ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa, kwa faili yake maalumu, ni nafuu zaidi, kwa sababu swali la nani anayehusika huulizwa kabla kalamu haijagusa karatasi.