Bega la kugeuzwa: kupasulia mbele au juu?

Bibi mmoja wa Bahi alikaa mbele yangu kliniki hapa Dodoma, nikamwomba afunge kilemba. Mkono wa kulia ulifika kidevuni ukagoma. Akausukuma kwa wa kushoto. "Mjukuu wangu, mkono ninao, ila hauniitiki."

Eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa mkono kimepanda hadi kugusa paa la bega: kano zinazokishikilia zilishakatika zamani. Kiungo bandia cha kawaida hakimfai, maana nacho hutegemea kano hizohizo. Hapo ndipo tunapogeuza bega, wazo lililokuzwa na Mfaransa Paul Grammont miaka ya 1980. Mpira, yaani kichwa cha mviringo cha kiungo, hufungwa kwa skrubu kwenye bamba la bega, kikombe hukaa juu ya mfupa wa mkono, kinyume cha maumbile, na deltoidi, msuli unaolipatia bega umviringo wake, hubeba kazi ya kuinua.

Ubishi wetu sisi wapasuaji ni wapi pa kuingilia.

Njia ya mbele hupita kati ya deltoidi na msuli wa kifua, mshipa wa sefaliki ukituonyesha mpaka. Deltoidi haikatwi. Gharama yake ni kano ya subskapularisi, ile ya mbele ya kiungo, ambayo kwa kawaida hukatwa ili kufika ndani, na hata ukiishona haishiki kila mara. Bega likiteguka baadaye, hapo ndipo tunapoanza kutazama.

Njia ya juu huiacha kano hiyo, na kuteguka hupungua. Lakini huipasua deltoidi yenyewe, msuli pekee tuliobaki nao! Neva yake hupita kama sentimita 5 chini ya ukingo wa paa la bega. Ukirefusha mpasuko kidogo tu, umeigusa. Isitoshe, ukitazama kutoka juu, mfupa wa mkono hukuziba usione vizuri ukingo wa chini wa bamba. Mpira unafungwa juu mno au unainama kuelekea juu, kisha kila mkono ukishuka kikombe kinakwangua mfupa.

Mimi ni mtu wa mbele. Naingilia juu pale mfupa umevunjika na kipande chenye kano kimekimbilia nyuma, kwa kuwa huko nakiona na kukifunga bila kukitafuta.

Bibi nilimpasulia mbele. Nilichomkataza kuliko vyote ni kujiinua kwenye kigoda kwa kuegemea mkono ule, kwani mkono ukirudi nyuma huku umebeba uzito, kikombe huchomoka.

"Kigoda nikiache," akasema, "halafu ugali anisongee nani, wewe?"