Je, ukocha wa bei ya juu huuzwa na wenye wafuasi wengi tu?

Wengi huamini kwamba huwezi kuuza mtandaoni programu ghali ya ukocha, yaani kumwongoza mtu hatua kwa hatua hadi afikie lengo lake, kabla hujafikisha maelfu ya wafuasi. Dhana hiyo ina chimbuko lake: kozi za bei nafuu zilizorekodiwa hutegemea wanunuzi wengi, na kwa kuwa kati ya wanaoziona wanaonunua ni wachache, muuzaji huhitaji wafuasi wengi.

Ukocha wa mtu mmoja mmoja una hesabu nyingine. Kocha anayehudumia wateja 10 kwa wakati mmoja anahitaji wateja 10, basi. Wakija 1,000 hana saa za kuwagawia. Anayelipa fedha nyingi kwa kawaida hutaka kuzungumza na kocha kwanza, na mara nyingi ameelekezwa na mteja wa zamani. Na wafuasi, tusisahau, hununulika, kwa hiyo wingi wao si ushahidi wa wateja.

Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wowote wenye wafuasi wengi usome maoni: wangapi wanaeleza shida halisi, na wangapi wameacha emoji za makofi tu? Waulize pia waliowahi kulipia ukocha walimpataje kocha wao. Kama muuzaji ni wewe, alika watu kwenye mazungumzo ya bure, kisha uhesabu waliojitokeza kweli.