Tafadhali Msimpike Kinyonga

Nimetumiwa tena ile picha. Tangi la samaki lisilo na samaki, kinyonga wa pembe tatu kajibanza kwenye kona, na juu yake taa nyekundu inayowaka usiku kucha. Mwenyewe ameandika: "Kaka, mbona hali? Joto nimempa la kutosha, si ametoka kwetu Afrika."

Kwetu wapi? Mombasa? Huyo ni Trioceros jacksonii. Kwao ni miteremko ya Mlima Kenya, pande za Nyeri na Meru, na nduguze wako Mlima Meru kule Arusha. Aliyewahi kulala Nyeri mwezi wa saba anaijua habari yake: usiku nyuzi hushuka hadi karibu 10, na asubuhi ukungu umetanda. Kinyonga yuko nje kwenye ua wa kaiyaba, na wala hajamlilia mtu. Wenzake walioachiwa Oahu, Hawaii, mwaka 1972 walistawi kwenye vilima vyenye mvua, si ufukweni. Tangu nianze kutengeneza vizimba huku Marekani, wanaonichosha kwa hili si Wamarekani. Ni sisi tuliokulia Limuru na kuvaa sweta za shule mwaka mzima.

Basi: usiku usiwashe kitu. Si nyekundu, si ya buluu, si ile wanayokuuzia kwa jina la mbalamwezi. Anaiona, na hatalala vizuri. Chumba kikishuka hadi nyuzi 15, mshukuru Mungu. Mchana nyuzi 21 hadi 25 zinatosha, pamoja na tawi moja la kuotea lenye 27 au 28 kwa saa chache za asubuhi. Balbu ikae nje ya wavu, mbali kiasi kwamba ukiweka mkono pale atakapokaa mgongo wake, hauungui. Kinyonga anaweza kubabuka mgongo akiwa ametulia tuli. Hakimbii.

Sasa kioo. Kuna wanaoapa kwamba kioo ni sumu, na kuna wanaoapa kwamba wavu pande zote ndiyo dini. Wote wananikera, kwa sababu shida si kioo, ni hewa iliyolala. Tangi la samaki limezibwa chini na pembeni, kwa hiyo unyevu hauna pa kwenda na mapafu ndiyo yanayolipa. Lakini wavu mtupu ndani ya nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi kali hukausha kila kitu; utanyunyiza maji saa moja, saa mbili majani yamekauka kau. Ninachotengeneza mimi: pande tatu zimezibwa, juu wavu, na mbele chini kabisa naacha ukanda wa wavu wa upana wa vidole vinne. Hewa yenye joto inapanda na kutoka juu, mpya inaingia chini. Pande zilizozibwa zisiakisi, maana akijiona humo atadhani ana jirani, na jirani hamtaki. Hata mke hamtaki, ila siku ya kupandana. Mmoja, kizimba kimoja.

Kimo ni muhimu kuliko upana: sentimita 90 kwa dume mzima, na zaidi ni heri. Kiweke juu ya meza au kabati, ili akikaa tawi la juu awe anakutazama kutoka juu. Matawi yawe ya unene tofauti, mengi yakiwa ya mlalo.

UVB, yaani miale ya urujuanimno kama ya jua: mrija wa T5 (taa ndefu nyembamba), si balbu ndogo ya kuzungusha. Dirisha halihesabiki, kioo huzuia karibu UVB yote. Badilisha mrija baada ya kama mwaka hivi hata kama bado unang'aa, kwani UVB hupungua kabla ya mwanga kupungua.

Maji hanywi bakulini. Mnyunyizie majani asubuhi na jioni kwa dakika kadhaa, si mara mbili tatu za haraka halafu basi. Wengine husubiri mpaka matone yaanze kuteleza ndipo watoe ulimi. Kisha acha pakauke. Ndoo ya maji machafu chini yake usiisahau.

Ukungu wa mashine usiku? Hapo nasita. Natumia, chumba kikiwa baridi, na wanyama wangu wanaamka wakiwa na macho yaliyojaa vizuri. Lakini usiku huohuo wamelala baridini, na sijui nimsifu nani, ukungu au baridi. Katika chumba chenye joto siuwashi kabisa.

Ukitaka kujua kama kizimba chako kinafanya kazi, acha kipimo cha ukutani, tazama choo chake. Ile sehemu ngumu ya mkojo wake iwe nyeupe. Ikiwa ya rangi ya chungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, amekauka, na ongezeko la kwanza ni dakika za kunyunyiza.