Hakuna awezaye kukutajia saa ya tetemeko

Ardhi ikitikisika kidogo tu Nairobi, sufuria zikagongana kwenye rafu na maji yakacheza ndooni, ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu: "Wataalamu wamethibitisha, tetemeko kubwa zaidi linakuja leo saa nane usiku. Lalani nje. Tuma kwa wote uwapendao."

Si kweli. Hadi leo hakuna mtaalamu wala mtambo unaoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Mitambo hurekodi mtikisiko ukishaanza. Kinachowezekana ni kukadiria hatari ya eneo kwa miaka mingi, na sisi, wenye Bonde la Ufa hapo jirani, hatumo nje ya hesabu: mwaka 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu tetemeko likishapita hufuatwa na mitikisiko mingine, kwa kawaida midogo kuliko wa kwanza. Aliyelala nje akihisi mmoja, basi, ujumbe "ulisema kweli".

Uchunguze kidogo. "Leo" ya tarehe gani? Wataalamu gani, wa wapi? Ukikosa majibu, uishie kwako. Tafadhali usiusambaze hata kwa nia njema. Kuna mama atakayekesha nje na kichanga kwenye baridi ya Julai kwa sababu ya ujumbe huo.

Ukihisi mtikisiko ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, usikimbilie ngazi wala lifti.