Je, wajua kwa nini putu bambu hupiga mluzi?

Jioni, katika mitaa ya Indonesia na Malaysia, muuza putu bambu hana haja ya kunadi. Mkokoteni wake unapiga mluzi mrefu, mwembamba, na watoto wanatoka mbio. Anayenadi ni mvuke, na mvuke huohuo ndio mpishi.

Putu bambu ni kitamutamu cha unga wa mchele kinachopikwa ndani ya vipande vifupi vya mwanzi. Chini mna maji yanayochemka, yamefunikwa barabara, na mfuniko una vitundu vichache tu. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo mvuke wote huo unagombania njia ya kutokea. Ukichomoka kwa nguvu kwenye kitundu chembamba, hewa inatetemeka. Mtetemo huo ndio mluzi. Moto ukilegea, nao unafifia.

Vipande vya mwanzi husimamishwa juu ya vitundu vingine. Ndani yake hamna uji, mna unga uliolowana kidogo tu: ukiufumbata unashikana, ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapo. Maji yakizidi kwenye unga, au unga ukishindiliwa, mvuke hauna pa kupita, na katikati hubaki mbichi. Ukiwa mwepesi, mvuke hupenya kati ya chembe, hugusa chembe iliyopoa, hurudi kuwa maji na kuiachia joto lake lote. Wanga wa mchele ukifika nyuzi 70 hivi hulainika na kunata. Dakika chache tu, imeiva.

Rangi ya kijani na harufu hutokana na majani ya pandani, mmea wa jamii moja na mkadi wa pwani yetu. Kinachonukia humo ndicho kinachonukia kwenye wali wa basmati.

Katikati hutiwa gula melaka, sukari ya kahawia inayopatikana kwa kuchemsha utomvu wa karara la mnazi kabla haujachacha; mgema wa kwetu angeuita tembo tamu. Ukiimega putu, sukari hiyo inatiririka kama asali. Lakini sukari kavu haiyeyuki kwa joto la mvuke. Mvuke una nyuzi 100, na sukari tupu huhitaji nyuzi 186 hivi. Kinachoilainisha ni yale maji ambayo mvuke umeyaacha ndani ya unga: sukari inayanywa, inakuwa shira.

Putu ikiiva, muuzaji huisukuma kwa kijiti, ikadondoka nzima juu ya jani la mgomba, kisha huinyunyizia nazi iliyokunwa yenye chumvi kidogo. Huliwa ingali moto, ila ngoja kidogo: shira ya ndani huunguza ulimi.