Plastiki na chakula: maswali na majibu kuhusu kemikali zinazohama

Plastiki haivuji. Sasa kemikali zinapitaje?

Haivuji maji, lakini haijafungwa kabisa. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama tambi, na kati ya minyororo hiyo zimo nafasi ndogo mno. Minyororo yenyewe haiendi popote. Vinavyotembea ni vitu vidogo vilivyotiwa kiwandani, kama vilainisho, rangi na dawa za kuzuia plastiki isipasuke juani, pamoja na mabaki ya malighafi. Vinatoka penye wingi kwenda penye uchache, hadi vinakifikia chakula. Mjerumani Adolf Fick aliandika kanuni za mwendo huo mwaka 1855, kabla mifuko ya nailoni haijakuwepo.

Wateja wa maduka ya mtaani wanalijua jambo hili kwa ulimi. Biskuti zikipangwa rafu moja na sabuni ya unga, pakiti haijatoboka wala kufunguliwa, lakini ukitafuna unaisikia sabuni. Harufu imepenya karatasi za nailoni mbili, ya sabuni na ya biskuti.

Nini kinazidisha kuhama huko?

Joto, mafuta na muda, na joto ndilo kubwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima antimoni, madini yanayotumika kutengenezea chupa za maji za plastiki iitwayo PET. Chupa ilipowekwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, ilichukua siku 176 maji kufikia kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani. Kwenye nyuzi 80, siku 2.3 tu. Kwa hiyo chupa iliyokaa kivulini haina haja ya kukunyima usingizi. Kuitilia chai ya moto ndiko kubaya, na itajikunja mbele ya macho yako, kwani PET huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi.

Mafuta nayo yanavuta, maana nyingi ya kemikali hizi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Chipsi zinazotoka kwenye karai na kufungwa papo hapo kwenye nailoni zina joto na mafuta kwa pamoja. Vifungashio vidogo vina kasoro yao pia: mafuta ya kula ya kupima, yale ya kijifuko, yanagusana na plastiki nyingi zaidi kwa kila kijiko kuliko yaliyo kwenye dumu la lita 20.

Mama yangu hufunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive vizuri. Kuna ubaya?

Upo, na kama ni tabia moja tu ya kuacha jikoni, ningeanza na hii. Mvuke wa sufuria unakaribia nyuzi 100, wali una mafuta, nailoni imelala juu ya chakula, na inakaa hapo hadi wali ukauke. Mfuko wenyewe mara nyingi haukutengenezwa kwa ajili ya chakula; ni ule uliobebea bidhaa nyingine, wenye rangi na maandishi. Nailoni ni laini hata kabla ya moto, kwa hiyo vilivyomo havina kizuizi kikubwa.

Usimgombeze mama, nailoni inazuia mvuke kweli. Lakini mfuniko unaokaa sawasawa, ukapaliwa makaa juu, unafanya kazi hiyohiyo. Jani la mgomba pia linafaa: Waganda huivishia matoke kwa mvuke humo, na bado chakula kinapendeza.

Kemikali hizi zinadhuru vipi?

Hutaugua kesho yake. Wasiwasi ni wa kiasi kidogo kinachoingia miaka mingi, hasa kwa wajawazito na watoto wachanga. Bisfenoli A, inayoandikwa BPA, ni malighafi ya baadhi ya plastiki ngumu, na inaweza kuiga homoni ya kike ya estrojeni mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha mara 20,000 kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila wasiwasi. Taasisi ya Ujerumani, BfR, iliipinga hesabu hiyo ikisema imezidi. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa kwenye vifaa vinavyogusa chakula.

Chombo kimeandikwa hakina BPA. Nimesalimika?

Na BPA, ndiyo. Baadhi ya viwanda viliweka bisfenoli S mahali pake, na hiyo ni ndugu yake.

Namba iliyo kwenye pembetatu chini ya chombo inasema nini?

Inasema aina ya plastiki tu, haikuhakikishii usalama. Namba 5 huvumilia joto kuliko nyingi. Namba 3 na 6 usizitilie chakula cha moto chenye mafuta.

Naweza kuosha dumu la dawa ya mifugo nikaweka maji ya kunywa?

Hapana, hata ukilisugua kwa sabuni na mchanga. Dawa ilipokaa humo iliingia ndani ya ukuta wa dumu, na sabuni inaosha uso tu. Ukijaza maji, dawa inarudi polepole. Litoboe kabla ya kulitupa, mwingine asije akaliokota.